Funga Mayai, Pakata Mtoto

Sisi ni taifa la watu wanaojua kufunga. Nenda Kariakoo asubuhi umtazame kijana wa bodaboda akifunga magodoro mawili, kioo cha dirisha na mtungi wa gesi kwa mpira mmoja uliokatwa kwenye tyubu la baiskeli, na vyote vitafika Mbagala bila mchubuko. Mbuzi hufungwa. Kuku hufungwa miguu, wawili wawili. Televisheni mpya huketi kiti cha nyuma ndani ya boksi lake, boksi likapitishiwa mkanda, na dereva akaambiwa, "Taratibu kwenye matuta, baba." Trei la mayai ndilo usiseme. Mayai thelathini yakipanda gari, hata redio hupunguzwa sauti.

Katika gari hilo hilo yumo mtoto wa miezi minane. Yeye amepakatwa.

Nimekuwa baba mwenye gari kwa muda wa kutosha kuandika mwongozo wa jambo hili. Nimeukusanya kwa mashemeji, kwa majirani wa Tabata, kwa kila aliyewahi kuinama dirishani kunishauri, na zaidi kwa makosa yangu mwenyewe. Ufuate hatua kwa hatua. Hatua itakayokukera, ujue ndiyo yako.

Hatua ya kwanza: Nunua kiti cha picha

Kiti cha mtoto kinanunuliwa kwa ajili ya siku moja tu, siku ya kutoka hospitali. Mtoto analazwa humo, anafunikwa shali nyeupe, shangazi anapiga picha, picha inakwenda kwenye kundi la ukoo, na pongezi zinamiminika. Picha ikishatoka, mtoto anahamia mapajani kwa bibi na kiti kinahamia kwenye buti, kitakakoishi na jeki na viazi mpaka mtoto aanze darasa la kwanza.

Kwa kuwa ni cha picha, nunua mtumba wowote wenye rangi nzuri. Muuzaji atakuambia, "Bosi, hiki cha Ujerumani," nawe ujibu, "Punguza." Usiulize swali jingine. Mchumba wa mtoto wetu tunamchunguza ukoo mpaka kwa babu wa tatu, kama kuna kifafa, kama kuna deni. Kiti hatukiulizi hata kama kimewahi kupata ajali, ingawa plastiki iliyopata ajali inaweza kuwa na ufa ndani na nje ikang'aa kama bibi harusi.

Kuna wenzetu wenye shaka ambao hukipindua kiti kwanza. Huko chini hutafuta tarehe ya kutengenezwa iliyochongwa kwenye plastiki, kwa sababu watengenezaji wengi hukipa kiti maisha ya kati ya miaka sita na kumi, kisha plastiki huchoka. Hutafuta pia kibandiko cha rangi ya machungwa chenye herufi E ndani ya duara. Hiyo ni alama ya kanuni za Umoja wa Mataifa: namba 44, inayopanga viti kwa kilo za mtoto, au namba 129, iliyokuja 2013 na kuvipanga kwa urefu wake. Kisha eti wanampima mtoto! Wewe huna haja ya mizani. Umemwona kwa macho, na jicho la baba halikosei, ndiyo maana viatu vyote ulivyomnunulia vimembana.

Hatua ya pili: Kifunge kwa imani

Gari letu, kama magari mengi ya mjini, limevikwa kava na fundi hodari sana. Alishona kava la kiti cha nyuma kutoka mlango mpaka mlango, akavifukia vifungio vyote vya mikanda, na tangu siku hiyo havijaonekana tena. Basi kiti cha mtoto kiweke tu juu ya kava. Gari likikata kona nacho kikayumba, mwambie mtoto hiyo ni bembea.

Wasio na imani hupasua kava. Huupitisha mkanda wa gari mahali palipoonyeshwa kwenye kiti, hukikandamiza kiti kwa goti kwa uzito wao wote, na huku wamekikandamiza huvuta mkanda mpaka uishe. Halafu hukishika pale mkanda unapopita na kukitikisa kulia na kushoto. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, wanaanza upya. Wengine huingiza vidole kati ya mgongo na makalio ya kiti cha gari kutafuta vile vyuma vya Isofix, ambavyo kiti chenye meno yake huving'ata kwa mlio mmoja, hapo mkanda wa gari usihitajike. Miaka yote hiyo sisi vyuma hivyo tulidhani ni vya fundi aliyesahau.

Hatua ya tatu: Mweke mbele aone barabara

Mtoto ni mgeni duniani, na mgeni huketishwa mbele. Akiwa mbele utamchezea shavu kwenye foleni ya Ubungo, na trafiki atamwona, atatabasamu, na pengine atasahau kukuomba leseni.

Kwenye dashibodi mbele yake kuna mfuko wa hewa, ule ambao mafundi wanauita eabegi. Huo hufumka kabla hujamaliza kupepesa jicho, na ulitengenezwa kukutana na kifua cha mtu mzima. Ukikuta kiti cha mtoto mchanga kimegeuziwa mgongo wake huko, unakibamiza kutoka nyuma, kichwa cha mtoto kikiwa pale pale. Lakini wewe hilo utalijuaje? Onyo limeandikwa kwa Kijapani.

Na hapa tuseme kweli, gari lenyewe lilijitahidi. Japani iliwalazimisha wazazi kuwafunga watoto wa chini ya miaka sita kwenye viti vyao tangu Aprili 2000, na magari yetu mengi yametoka huko, yakiwa yamelelewa ndani ya sheria hiyo. Kila asubuhi ukiwasha, gari linakusalimia kwa sauti ya dada mpole usiyemwelewa. Ukishusha kile kizuia jua, unaikuta picha ya kiti cha mtoto kilichopigwa mstari mwekundu. Picha haihitaji mkalimani. Ila sisi kizuia jua tumekifanya kabati la risiti za mafuta.

Kiti cha nyuma ndiko kwake. Lakini huko nyuma utamchezea nani shavu?

Hatua ya nne: Mgeuze mapema

Mtoto mchanga, wanasema, aketi akitazama nyuma ya gari. Sasa huyo ataona nini? Shemeji yangu alimwona mtoto wangu Neema ameketi hivyo akauliza kama mtoto amekosa adabu. Ukitaka amani nyumbani, mgeuze mbele siku anapoota jino la kwanza.

Wanaokataa kugeuza wana hoja yao ndefu. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, wakati cha kwetu ni kama sehemu moja ya nane. Shingo inayobeba hicho kichwa bado ni gegedu kuliko mfupa. Gari likigonga kwa mbele huku mtoto ametazama mbele, kiwiliwili kinabaki kwenye mikanda na kichwa kinakwenda safari yake, shingo ikaachiwa kazi ya kamba. Akitazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa vyote huegemea kiti kwa pamoja, na kishindo kinagawanywa mgongo mzima.

Wazo hilo halikutoka kwa wakwe zako. Profesa Bertil Aldman wa Sweden aliwatazama wanaanga wa Marekani, akaona wanarushwa angani wakiwa wamelazwa chali ili mgongo mzima upokee nguvu ya roketi. Akasema, mtoto naye hivyo hivyo. Mwaka 1964 Volvo ikaanza kujaribu kiti cha kwanza cha namna hiyo, na mpaka leo huko Sweden watoto wengi huketi wakitazama nyuma hata kufikia miaka minne. Madaktari wa watoto wa Marekani nao, mwaka 2018, waliacha kutaja umri. Wakasema atazame nyuma mpaka azidi kilo au urefu ambao kiti chake kinaruhusu.

Basi mtoto wa Kiswidi anaketi kama mwanaanga, na wako anaketi kama abiria wa daladala aliyewahi siti ya dirishani. Kila mtu na utamaduni wake.

Hatua ya tano: Mvalishe kama anakwenda Njombe

Ni Februari, Dar es Salaam inachemka, na bibi upande wa mama ameshamvika mtoto fulana, sweta, koti la manyoya na kofia yenye masikio, kwa kuwa gari lina upepo na upepo una nimonia. Mfunge hivyo hivyo juu ya koti. Mikanda itakaa vizuri kabisa, na wewe utaridhika.

Kinachokaa vizuri hapo ni koti. Katika ajali koti linabonyea kama sponji, mikanda inabaki imelegea, na mtoto anachomoka humo kama ndizi iliyomenywa. Mikanda ya kiti cha mtoto mdogo kwa kawaida ni mitano: miwili mabegani, miwili nyongani, mmoja katikati ya miguu, na yote inatakiwa ilale karibu na mwili. Mtoto anayetazama nyuma, mikanda ya mabega itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Akishageuka mbele, itokee usawa wa mabega au juu yake. Kipimo cha mwisho hakihitaji fundi. Jaribu kuufinya mkanda pale kwenye mtulinga. Vidole vikipata mkunjo wa kufinya, umelegea. Ukiona baridi, mfunike kanga juu ya mikanda baada ya kumfunga. Kanga hiyo hiyo, gari likiegeshwa juani, ifunike kiti, kwa maana kifungio cha chuma kilichopigwa na jua la saa saba kinaweza kumpiga mtoto pasi.

Haya yote huchukua dakika mbili, nasi tumechelewa kwenye harusi ambayo kadi ilisema saa kumi na mbili na itaanza saa tatu usiku.

Hatua ya sita: Akilia, mtoe

Hii ndiyo hatua mama ya mwongozo mzima. Mtoto akilia, gari zima linageuka baraza la usuluhishi. "Mtoe jamani, mnamtesa." "Mlete huku, mimi nimelea saba." Mtoe basi. Hakuna kiti duniani kilicho laini kama mapaja ya mama, na hakuna mkanda ulio imara kama mkono wake.

Pana watu wa hesabu watakaokuharibia raha. Watakuambia kwamba kilomita 50 kwa saa, ule mwendo wa vibao vya vijijini unaoulalamikia kila ukipigwa tochi, ukisimamishwa ghafla na ukuta ni sawa na kuanguka kutoka kama mita kumi, yaani ghorofa ya tatu. Watakuambia kwamba mtoto wa kilo kumi katika mwendo huo, gari likisimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, anahitaji nguvu ya kama kilo 140 kumzuia. Hiyo ni karibu mifuko mitatu ya saruji, na unaidaka kwa mkono mmoja, kwa sababu mwingine umeshika simu.

Na mama mwenyewe kama hakufunga mkanda, naye anakwenda mbele. Mtoto yuko katikati. Hapo kiti cha mbele ndicho kinu, na mama, pamoja na mapenzi yake yote, ndiye mchi.

Usidhani ni ujinga wetu peke yetu. Jimbo la Tennessee, Marekani, lilikuwa la kwanza nchini humo kuweka sheria ya viti vya watoto, iliyoanza kutumika 1978 baada ya daktari wa watoto Robert Sanders kuipigania kwa miaka. Wabunge wakaipitisha, lakini wakapenyeza msamaha mmoja: kama mtoto amepakatwa na mtu mzima, si kosa. Mapaja ya mama yalikuwa na wapiga kura wake hata huko. Sanders akakiita kifungu hicho kiponda watoto, na kikafutwa 1981.

Njia ya wale watu wa hesabu ni kusimamisha gari. Wanaegesha mahali salama, wanamtoa, wananyonyesha, wanambembeleza, wanamrudisha, wanaendelea. Safari ya saa nane inakuwa ya kumi. Sisi tunaokimbilia kuwahi huwa tunawahi kweli, na mara nyingine tunawahi mno.

Hatua ya saba: Mkubwa ni kondakta

Mtoto akifika miaka minne, amehitimu. Msimamishe kati ya viti viwili vya mbele, ashike bega la baba kulia na bega la mama kushoto, aite vituo. Siku za sikukuu mtoe kichwa kwenye paa la gari apunge mkono kama mgombea. Baba mwenye mapenzi zaidi humpakata kwenye usukani, "ajifunze mapema."

Wenye wivu husema mkanda wa gari ulitengenezwa kwa mtu mzima. Kwa mtoto mdogo unapita shingoni badala ya begani, na tumboni badala ya kwenye mifupa ya nyonga, na katika kishindo tumbo halina mfupa wa kujitetea. Ndiyo maana hutumia kile kiti cha kumwinua, mpaka afike walau sentimita 135, na bora zaidi 150. Na kipimo chao ni cha nyumbani. Mtoto akiegemeza mgongo mpaka nyuma, magoti yake yakajikunja ukingoni mwa kiti, mkanda ukalala begani na mapajani, huyo amekua. Mpaka siku hiyo, kukuita "dereva twende" kutoka katikati ya viti hakumfanyi kondakta. Kioo cha mbele ndicho kinachomsubiri.

Hatua ya nane: Mwachie Mungu

Sisi tuna methali mbili, na kila moja ina makazi yake. "Kinga ni bora kuliko tiba" imeandikwa kwenye kuta za zahanati. "Ajali haina kinga" imeandikwa nyuma ya mabasi. Ukiingia garini, chagua ya basi. Ya zahanati utaikuta mbele ya safari.

Shirika la Afya Duniani limeandika kwamba barabara ndiyo inayoongoza kwa kuua watu wa miaka mitano hadi 29, kuliko ugonjwa wowote. Kwa hiyo tulia. Chanjo zote za kliniki umempeleka, kadi imejaa, uzito umepanda. Yaliyobaki, sala.

Kiambatisho: jinsi mwongozo ulivyoharibika

Ningeishia hapa kama si Desemba. Tuliondoka Dar alfajiri kwenda Moshi, mimi, mke wangu na Neema, ambaye safari hii alikuwa kwenye kiti, nyuma, ametazama nyuma. Nilishapasua kava. Tulisimama Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo na Same, na kila tuliposimama, mtu aliyekuja kutuuzia machungwa alitushauri tumtoe mtoto.

Mama yangu alitupokea getini, akainama dirishani, akanyamaza kidogo.

"Baba Neema, mbona umemfunga mjukuu wangu kama mbuzi wa mnadani?"

Nikaanza kueleza. Nikataja kilo 140, nikataja gegedu, nikamleta profesa wa Sweden na roketi yake. Mama alinisikiliza kama anavyosikiliza matangazo ya redio akisubiri taarifa za vifo. Mke wangu ndiye aliyeniokoa, kwa sentensi moja.

"Mama, ni mbeleko tu. Ya gari."

Mama hakujibu. Akakitazama kiti upya. Huyu ni mwanamke aliyepanda mlima na watoto sita mgongoni, mmoja baada ya mwingine, kuni kichwani, na hakuna aliyewahi kuteleza. Katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba mbeleko ni kumtesa mtoto.

Kesho yake, Jumapili, tulikwenda kanisani. Mama alipanda nyuma, akaketi kando ya Neema, na bila kuagizwa na mtu akapeleka vidole viwili kwenye mkanda, pale kwenye mtulinga. Akafinya. Akapata mkunjo.

"Nani amemfunga huyu?"

"Mimi, mama."

"Umelegea." Akauvuta mpaka ukaishiwa. "Mbeleko hufungwa na mtu anayetaka kufika na mtoto." Kisha akapapasa upande wake. "Na wangu uko wapi?"

Nilikuwa nimepasua kava upande mmoja tu. Ilibidi nishuke na kisu, nje ya gari, nimevaa suti, waumini wakipita na kunisalimia, mpaka nikakifukua kifungio cha mama pamoja na pipi mbili na shilingi mia.

Baada ya ibada kulikuwa na mnada wa sadaka za mazao, kama ilivyo desturi huko kwetu. Mama akashindana na mzee mmoja, akashinda trei la mayai ya kienyeji. Tukarudi garini. Neema kwenye kiti chake, mama na mkanda wake, mke wangu mbele na wake. Nikabaki nimesimama mlangoni na trei mkononi, nikitafuta mkanda wa nne, kwa mazoea.

"Lete hapa niyapakate," mama akasema. "Yakivunjika, tutakaanga."